Simu Kongwe Isiyo na Laini, na Kadhia ya Ujumbe Usiofika

Mtandao wa kampuni ya simu huipa simu ya mkononi vitu vitatu bila ya mwenyewe kuviomba wala kuvihisi: njia ya kupitishia maneno, jina la kutambulikana, na saa ya kufuata. Kwa kuwa vyote vitatu huingia kwa pamoja tangu laini inapotiwa mahali pake na simu kuwashwa, wengi wetu tumekuwa tukidhani kwamba kilichotolewa ni kimoja tu, yaani njia, na kwamba mtu ambaye laini yake imeondoka, lakini akabahatika kuipata waifai ya nyumbani, ya ofisini au ya hotelini, amekwisha kufidia kila alichopoteza. Dhana hiyo ndiyo chimbuko la taabu nyingi zinazowapata wenye simu kongwe, na ndiyo inayowafanya mafundi wetu, pamoja na ustadi wao wote, wahangaike na betri na antena ilhali ugonjwa uko kwingine. Katika hivyo vitatu, njia ndiyo nyepesi kuliko vyote kupatiwa badala, saa ndiyo inayosahauliwa, na jina ndilo zito. Na mwenye kutaka kujua kwa nini ujumbe hautoki wala hauingii, na aanze kwa kuuliza simu hii sasa inajulikana kwa jina gani, na ni nani anayelishuhudia jina hilo.

Simu za namna hii si chache, wala hazikufika katika hali hiyo kwa sababu moja. Iliyo ya kawaida mno ni ile ambayo mwenyewe amenunua mpya, akaihamisha laini, na ya zamani akamwachia mtoto, mzazi au msaidizi wa dukani aitumie kwa waifai. Zipo tena zilizofungiwa kwa amri: Kenya ilizizima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012, na Tanzania ikafuata tarehe 16 Juni 2016, kwa kuzitazama zile tarakimu 15 za IMEI ambazo mtu huziona akibonyeza *#06#; na kwa kuwa hukumu hiyo ilihusu mitandao ya simu peke yake, simu iliyofungiwa ilibakia nzima kwa mambo mengine yote, ikaendelea kupokea waifai kama ilivyokuwa ikipokea jana yake. Halafu ziko zinazokuja katika masanduku ya jamaa warudio kutoka Marekani, nyingine zikiwa zimefungwa kwa kampuni moja ya huko, na nyingine, kama ile iPhone 4 ya mwaka 2011 iliyotengenezwa kwa ajili ya Verizon, hazina hata tundu la kutilia laini. Na huko huko Marekani, AT&T iliizima 3G yake Februari 2022, na Verizon mwisho wa mwaka huo huo, hata simu zisizojua 4G zikapoteza mtandao pasi na dosari yoyote kuzipata ndani yake.

Tutazame kwanza ujumbe mfupi wa kawaida, ule tuuitao meseji, kwani hapo hukumu i wazi. Meseji ya kwanza ilipelekwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, pale mhandisi kijana Neil Papworth alipomwandikia Richard Jarvis wa Vodafone salamu za Krismasi. Na meseji ilibuniwa isisafiri kwa intaneti, bali kwa mkondo ule mwembamba ambao simu na mnara huutumia kuarifiana mambo yao ya ndani, nani yuko wapi na nani anapigiwa. Wembamba wa mkondo huo ndio uliolazimisha kikomo cha herufi 160, ambacho hushuka hadi 70 mtu akiandika kwa herufi za Kiarabu au akitia vikaragosi. Kutoka mnarani meseji hupelekwa kwenye kituo cha kampuni, nacho huihifadhi, humtafuta mpokeaji katika daftari la wateja, humfikishia akipatikana, na asipopatikana huingoja kwa muda kisha huitupa. Katika mwendo huo wote hakuna mlango hata mmoja ufunguliwao kwa simu isiyo na laini, maana ndani ya laini ndimo iliko siri ambayo mtandao huitaka kabla ya kumwitikia yeyote.

Kwa hiyo mwenye simu isiyo na laini ambaye meseji zake za kawaida hazitoki, asipoteze wakati wake wala fedha zake. Hakuna mpangilio wa kubadilisha, wala kipuri cha kununua. Ule mtindo wa kupiga simu kwa waifai ambao baadhi ya kampuni huutoa nao wataka laini iliyo hai, kwani waifai hapo hushika nafasi ya mnara tu, wala haishiki nafasi ya usajili. Marekani na Kanada ziko programu kama TextNow zinazompa mtu namba ya huko ya kutumia kwa intaneti, na mkazi wa huko hunufaika nazo. Kwetu hazina la kutufaa. Linalohuzunisha katika jambo hili ni hali ya yule anayetuma: meseji aliyoipeleka kwenye namba ambayo haimo tena katika simu yoyote huondoka kwake kwa salama, hubaki kituoni kwa siku kadhaa, kisha hupotea, naye akaamini kwamba amepuuzwa.

Sasa tuje kwenye jina, ambalo ndilo kiini cha kadhia yote. Programu za ujumbe zipitazo katika intaneti hazina haja ya mnara, lakini zina haja kubwa ya kujua nani ni nani, na waanzilishi wake, badala ya kujenga daftari jipya la watu, waliliazima daftari la kampuni za simu ambalo lilikuwa tayari. Uamuzi huo ulikuwa na manufaa yasiyo na shaka, kwani mtu alizikuta jamaa zake zote ndani ya programu siku ile ile ya kwanza. Ila ulimfanya kila mmoja wetu awe anaishi kwa jina la kupanga, ambalo mwenye mali ni kampuni ya simu, na ambalo huweza kuchukuliwa na kupewa mtu mwingine likikaa muda bila kutumika.

Apple ilikuwa na upole zaidi katika jambo hili. Ilipotoa iMessage tarehe 12 Oktoba 2011, iliruhusu majina ya namna mbili, namba ya simu na anwani ya barua pepe, na ruhusa hiyo ndiyo inayoifanya iPhone isiyo na laini iweze kuandikiana na wenzake. Lakini ruhusa haijitekelezi yenyewe. Yampasa mwenye simu afungue mipangilio, aingie katika sehemu ya ujumbe, atafute palipoandikwa habari za kutuma na kupokea, aitie alama anwani yake ya barua pepe, aiondoe namba ile ya zamani ikiwa bado imo, na achague kwamba mazungumzo mapya yaanzishwe kwa anwani hiyo. Watu wengi hufanya haya yote wakakomea hapo, wakasahau kwamba jina jipya lazima litangazwe: ndugu aliyeko Muscat ataendelea kuiandikia namba iliyomo katika kitabu chake, mpaka aambiwe aiongeze anwani ile ya barua pepe, na siku atakapopata ujumbe kutoka kwa anwani asiyoijua, huenda akaufuta kwa kuuogopa. Rangi nazo hutoa ushahidi. Ujumbe wa buluu umepita katika intaneti. Wa kijani umetaka kupita njia ya kampuni ya simu, na katika simu isiyo na laini kijani hicho ni dalili kwamba mpokeaji ametafutwa kwa namba isiyo katika daftari la Apple, basi haufiki, hata waifai ingekuwa na nguvu kiasi gani.

Na anayetaka kuiandikisha namba yake katika iMessage akiwa na laini ya muda, aelewe kwamba simu hupeleka meseji ya siri, isiyoonekana kiooni, na kampuni huweza kuitoza. Laini isiyo na salio hushindwa katika hatua hii, na kioo kikabaki na maneno ya kungojea uthibitisho, ambayo Apple yenyewe husema huweza kuchukua hata saa 24. Senti chache za vocha zimewaponya wengi ambao tayari walikuwa wamekwisha kuambiwa kwamba simu zao zimekufa. Kuna dosari nyingine ya iMessage ambayo huwasumbua zaidi jamaa zetu wa Marekani: kundi la watu likiwamo hata mtu mmoja asiye na simu ya Apple, mazungumzo ya kundi zima huhamia njia ya kampuni ya simu, na mwenye iPhone isiyo na laini hubaki akisikia nusu ya maneno, akishangaa kwa nini mkewe anamfikia na shemeji yake hamfikii.

Kwetu, hata hivyo, asemaye “nimekutumia ujumbe” aghalabu amekusudia WhatsApp. Programu hiyo, iliyoanzishwa mwaka 2009 na Jan Koum na Brian Acton na kununuliwa na Facebook mwaka 2014 kwa dola bilioni 19, ilijengwa tangu msingi wake juu ya namba ya simu, na mlango wake ni zile tarakimu 6 zinazoletwa kwa meseji au kwa sauti. Hapa ndipo wenye simu zisizo na laini hukata tamaa, nao hukata tamaa bila ya sababu, maana WhatsApp haikuweka sharti kwamba laini iwe ndani ya simu ile ile inayosajiliwa. Sharti lake ni kwamba tarakimu zifike mahali, na mwenyewe azisome.

Tuseme bibi mmoja wa Tanga ameletewa na mwanawe aliyeko Oman simu janja ambayo tundu lake la laini limeharibika. Laini yake imo katika kitochi chake cha siku zote, naye haitaki kuitoa humo kwa kuwa ndiyo inayompokelea fedha. Viwekwe vyote viwili mezani mbele yake: kitochi kikiwa kimewashwa, kina chaji, na kisanduku chake cha meseji kimefutwa zile za zamani, kwani vitochi vingi vikijaa havipokei tena, na simu janja ikiwa imeshikana na waifai ya nyumba. Katika simu janja achaguliwe Tanzania, asiachiwe Oman ambayo huenda simu ikawa imeikumbuka, kisha namba iandikwe baada ya +255 pasi na ile sifuri ya mwanzo. Kosa hili la sifuri, au la nchi, ndilo linalopeleka tarakimu kwa mtu mwingine au zisiende popote. Bibi athibitishe kwamba namba iliyo kiooni ni yake, halafu angoje. Meseji itaingia kitochini hata kama hana salio la senti moja, kwani kupokea hakutozwi. Isipoingia, asirudie kubonyeza, maana kila marudio huongeza muda wa kungojea mpaka ukafikia saa nzima nzima; aombe kupigiwa, na sauti itamsomea tarakimu moja baada ya moja, mjukuu akiziandika. Zikikubaliwa, kazi imekwisha: tangu hapo WhatsApp itakwenda kwa waifai peke yake, na kitochi kitarudi kwenye kazi yake.

Iko njia ya pili kwa mwenye WhatsApp yake tayari katika simu mpya, nayo ni kuiambatisha simu ya zamani kama tawi la ile mpya, ruhusa iliyotolewa Aprili 2023. Hapo haiulizwi meseji, bali simu mpya huelekezwa kwenye picha ya miraba inayoonekana katika kioo cha ile kongwe. Njia hii ni nyepesi, ila tawi hufa shina likikaa zaidi ya siku 14 bila kuunganishwa, na mwenye simu ya zamani akaamka asubuhi ameondolewa asijue kosa lake.

Lakini jina lililoshuhudiwa leo laweza kukosa shahidi kesho. Tarehe 20 Januari 2020 Tanzania ilianza kuzizima laini ambazo wenyewe hawakuzisajili kwa alama za vidole. Mtu ambaye laini yake ilizimwa aliweza kuendelea na WhatsApp kwa waifai kama kwamba halikutokea jambo, akadhani amesalimika. Taabu ilimngojea siku atakapobadilisha simu au kuisakinisha programu upya, kwani angeulizwa tarakimu zilizopelekwa kwenye laini ambayo haipo. Vile vile akaunti isiyounganishwa kwa siku 120 hufutwa na WhatsApp yenyewe, na namba iliyorudishwa sokoni, mnunuzi wake mpya akiisajili, humtoa mwenyewe wa kwanza bila ya maelezo. Kwa hiyo nasema, na nasema kwa kukazia, kwamba kazi ya kwanza ya kuitunza simu isiyo na laini ni kuitunza laini yenyewe huko iliko: isajiliwe kwa jina la mwenyewe, itumike mara kwa mara japo kwa meseji moja, na katika mipangilio ya WhatsApp iwekwe ile nywila ya pili ya tarakimu 6 pamoja na anwani ya barua pepe, ili awepo shahidi mwingine. Na zile tarakimu za meseji asipewe mtu yeyote anayeziomba kwa simu, hata akijiita mjumbe wa kampuni au jamaa aliyekosea namba, kwani ndivyo akaunti za watu zinavyoibwa kila siku. Telegram na Signal nazo huandikisha kwa namba, basi hukumu yao ni moja.

Nadhani si haki, katika zama ambazo risiti, mirathi na habari za misiba hupitia humu, mtu mzima apotezewe jina lake kwa sababu laini ya shilingi chache imelala bila vocha. Anwani ya barua pepe, pamoja na uzee wake, ingali jina ambalo kampuni ya simu haiwezi kulinyakua, na kila mwenye simu kongwe angalau awe nayo moja aikumbukayo na nywila yake.

Njia, kama nilivyotangulia kusema, ni nyepesi kupatiwa badala, lakini nayo ina hila zake. Iliyo kubwa ni usingizi. Simu za Android za miaka ya nyuma zilikuwa na mpangilio, uliofichwa katika sehemu ya ndani ya waifai, unaouliza kama waifai ibaki hai kioo kinapozimika, nao ulikuwa na majibu ya siku zote, wakati wa chaji tu, na kamwe. Simu yenye laini na bando haidhuriki na usingizi huo, kwa kuwa waifai ikilala data ya laini huamka. Isiyo na laini hubaki kiziwi mpaka kioo kiwashwe tena. Ndiyo sababu mtu huacha simu mezani saa tatu nzima pasi na mlio, kisha anapoigusa tu ujumbe kumi na tano ukaporomoka kwa pamoja, akasema mtandao ulikuwa umekatika. Haukukatika. Uwekwe mpangilio huo uwe wa siku zote, na ule wa kubana betri uambiwe uiachie programu ya ujumbe. Tena ni vema kuwasha hali ya ndegeni kisha kuiwasha waifai juu yake, ili simu iache kuutafuta mnara ambao hautaikubali, kwani utafutaji huo huila betri ambayo uzee umekwisha kuidhoofisha.

Kuna waifai ambazo simu kongwe haizioni kabisa, na si kwa ubovu: iPhone kabla ya iPhone 5, na simu nyingi za bei nafuu, hazijui mawimbi ya gigahezi 5, basi kisanduku cha waifai kilichowekwa kutoa hayo peke yake huwa hakipo machoni pake, na dawa yake ni kuyafungua mawimbi ya gigahezi 2.4. Kuna nyingine, za hotelini na viwanja vya ndege, ambazo simu huandika kwamba imeunganishwa ilhali ukurasa wa kuomba ruhusa haujajazwa. Na mara nyingi ukurasa huo nao hutaka namba na kuleta tarakimu kwa meseji, tukarudi palepale kwenye jina. Na ziko siku ambazo simu haina kosa, waifai haina kosa, kama ilivyokuwa tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, Tanzania na jirani zake wakakaa na intaneti ya kusuasua. Vile vile aliye Dubai, ambaye WhatsApp yake yapeleka maandishi ila haipigi, asiilaumu simu. Kupiga kwa sauti kumezuiliwa huko kwa kanuni za nchi.

Saa nitaieleza kwa urefu kidogo, kwa sababu mafundi wengi hawaitazami. Mnara, pamoja na mengine, huiambia simu tarehe na saa. Simu kongwe iliyokaa kabatini miezi kadhaa, betri ikafa kabisa, ikiamka bila laini huweza kuamka katika siku aliyoiwekea mtengenezaji wake, aghalabu 1 Januari 1970, au mwaka ule iliotoka kiwandani. Mwenyewe huona saa imekosea na asiijali, kwa kuwa ana saa ya ukutani. Lakini kila seva ya ujumbe hujitambulisha kwa hati yenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na simu inayoamini kwamba leo ni mwaka 1970 huiona hati iliyoanza mwaka huu kuwa haijazaliwa, ikakataa kuzungumza. Kinachoonekana kiooni ni kwamba haiwezi kuunganishwa. WhatsApp angalau huwa na adabu ya kusema wazi kwamba tarehe si sahihi. Irekebishwe tarehe, na ghafula kila kitu hutengemaa.

Katika kuirekebisha, eneo la saa nalo litazamwe. Simu iliyotoka Muscat imewekwa saa 4 mbele ya saa ya dunia, nasi tuko saa 3. Anayeisogeza mishale kwa mkono na kuliacha eneo la Muscat amepata sura ya ukweli, ila ndani simu imekosea kwa saa nzima. Na wazee wetu waliozoea kuhesabu saa kutoka macheo, wakaandika 2:00 kwa kukusudia saa mbili asubuhi, huiweka simu nyuma kwa saa 6, ujumbe wa alfajiri ukaonekana umetoka wakati ambao kwa simu yao haujafika.

Saa ikiwa sawa na bado milango ikawa imefungwa, basi tatizo ni umri. Simu huzaliwa na orodha ya wathibitishaji inaowaamini, na orodha hiyo huzeeka pamoja nayo. Tarehe 30 Septemba 2021 ilikwisha muda hati ya asili iliyokuwa ikiitwa DST Root CA X3, ambayo shirika la Let's Encrypt lilikuwa likiitegemea. Simu za Android za kabla ya toleo la 7.1.1 hazikumjua mrithi wake, na lau si mpango maalumu uliofanywa ili ziendelee kuikubali hati ya zamani kwa miaka michache zaidi, sehemu kubwa ya tovuti zingefungika kwao siku moja. Tarehe 27 Septemba ya mwaka huo huo Google ilizuia kuingia kwa akaunti katika Android 2.3.7 na za nyuma yake. WhatsApp iliziacha zilizo chini ya Android 4.1 tarehe 1 Novemba 2021, ikaziacha zilizo chini ya 5.0 mwezi Oktoba 2023, na tangu Mei 2025 huitaka iPhone iwe na iOS 15.1, jambo lililoziweka nje iPhone 5s na iPhone 6. Kwa simu hizi hakuna dawa ya haki. Zile WhatsApp zisizo rasmi ambazo vijana hurushiana kwa Bluetooth, zikiahidi kuifufua simu, humfungulia mtu asiyejulikana mazungumzo ya nyumba nzima, na WhatsApp hufungia akaunti za wanaozitumia.

Nina neno zito kuhusu kuflashi. Fundi akishindwa kuiona sababu, hukimbilia kuifuta simu yote irudi kama ilivyotoka dukani, na kwa simu yenye laini huenda hilo likawa jambo la kuvumilika. Kwa simu kongwe isiyo na laini huwa ni kuivunja. WhatsApp iliyokuwa ikifanya kazi kimya kimya itadai tarakimu 6 upya. Programu zilizokuwamo huenda hazipatikani tena kwa toleo lake. Baadhi ya iPhone za zamani hukataa kufunguka baada ya kufutwa mpaka zitiwe laini. Na tangu iOS 7 ya mwaka 2013 kwa Apple, na Android 5.1 ya mwaka 2015 kwa Google, simu iliyofutwa huuliza nywila ya akaunti ya mwenyewe wa kwanza, ambaye pengine ni jamaa aliyekwisha kuisahau. Kabla ya fundi kuigusa, nakala ya mazungumzo ihifadhiwe, na ikumbukwe kwamba nakala ya WhatsApp hurejeshwa kwa namba ile ile tu.

Penye kukosekana hata waifai, mlango unaobaki ni Bluetooth, wa hatua chache tu kutoka chumba hadi chumba; programu ya Briar ya Android huutumia kupeleka ujumbe kwa mtu aliye karibu bila intaneti na bila namba ya simu, nayo yafaa kwa watu walio chini ya paa moja au katika jahazi moja.

Na ikiwa imeamuliwa kwamba simu ipumzike au apewe mtu mwingine, kuna wajibu ambao ukiachwa huzaa upotevu mkubwa kuliko wote tuliouona. iPhone iliyoachwa na jina la mtu huendelea kupokea ujumbe wake wa iMessage hata baada ya laini kuhamia simu ya kampuni nyingine, na watumaji huona buluu wakatulia. Malalamiko yalikuwa mengi hata Apple, Novemba 2014, ikatoa ukurasa maalumu wa kuiondoa namba katika daftari lake. Basi mwenyewe aizime iMessage, ajitoe katika akaunti ya Apple au ya Google akiwa angali ana nywila mkononi, aihamishie WhatsApp kwenye simu mpya na kuhakikisha kwamba ya zamani imetoka, kisha ndipo aifute na kumkabidhi atakayeipokea.